Mashuka ya Bi Kazija

Ute wa bahari una ujanja mmoja: hauonekani. Chota maji ufukweni kwa gilasi, yainue juani, utaapa kuwa ni maji matupu. Kumbe ndani mna vijipande vya ute vinaelea, vimetoka kwenye mwani na kwenye vijidudu visivyoonekana kwa jicho, laini kupita uji wa mgonjwa, na hujui kama vimo mpaka vikugande. Raya binti Shaame alikuwa mpimaji wa ute katika mtambo wa maji wa Kiuyu Mpya, kaskazini ya Pemba, na kila asubuhi aliyatazama chupani mwake maji ya bahari aliyoyachota mwisho wa njia yake, kabla hayajachujwa chumvi, akayauliza kwa sauti, "Haya, leo mmenificha nini?"

Akayamimina kwenye faneli. Pampu ikanyonya, maji yakapita kwenye karatasi ya kuchujia, nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha akadondosha rangi yake ya buluu. Rangi ile ina kiburi. Haishiki chumvi, haishiki mchanga, inashika ute peke yake. Akaisuuza karatasi, akaitoa kwa kibanio. Siku njema hutoka na ubuluu wa mbali, wa nguo iliyofuliwa sana. Siku ile ilitoka nyeusi kama kaniki.

"Lahaula!" alisema Raya. Akarudia kipimo tangu mwanzo, na jibu likawa lile lile.

Mtu akakohoa mlangoni. Alikuwa Injinia Mbarouk, mkuu wa mtambo, mtu wa Unguja mwenye tumbo la heshima na roho nyepesi. Alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya habari mbaya.

"Usinambie, Bi Raya."

"Sikwambii. Njoo utazame mwenyewe."

Akaja, akatazama, akavua miwani. "Bahari imechafuka?"

"Bahari haina neno. Msimu huu hata mwani wa kuoza hakuna. Hilo ndilo linalonitia wazimu."

"Basi mashuka yetu ya kuchujia chumvi yanakosa pumzi, na jana maji ya Mtaa wa Juu yametoka na chumvi. Kuna mama kanipigia simu, mwanawe kautema uji. Wagonjwa wa presha nao ndio usiseme." Akaivaa tena miwani, akaivua. "Bodi wamenipa mpaka mwezi uandame. Ute usiposhuka, mashuka yanakatwa, tunatia ya plastiki. Yameshafika. Yamo bohari."

Raya aliiweka karatasi mezani. 

"Nimekuja kukwambia mwenyewe," alisema Injinia kwa sauti ya chini. "Sikutaka ulisikie kwa watu."

"Ahsante, Injinia. Unajua lakini kuwa yakikatwa, itabidi tuyakoshe, tuyakafini, tuyazike? Masheikh walishasema tangu mwanzo. Yaani nitamzika mama yangu mara ya pili."

"Najua," alisema Injinia Mbarouk, na macho yake yakawa mekundu. "Mimi nami nimekunywa maji yake tangu nilipohamia hapa."

*

Maana mashuka yale yalikuwa ya mama yake, kweli kweli. Visima vya Pemba vilipoingia chumvi, kimoja baada ya kimoja, madaktari walikuja na wazo ambalo watu waliliita la kichaa: mwili wa binadamu una kichujio chake, nacho ni figo, basi kwa nini tusikioteshe kikubwa? Walichukua vipande vidogo kuliko punje ya mtama kutoka kwa watu waliojitolea, wakavilea katika vyombo vyao, wakavifundisha kuvumilia chumvi ya bahari. Karibu vyote vilikufa. Kipande cha Bi Kazija, mke wa Mzee Shaame, muuza vitumbua, kikakubali. Kikatanda, kikakatwa, kikatanda tena, mpaka ukumbi mzima wa mtambo ukajaa mashuka hai yenye rangi ya waridi, yametundikwa kwenye fremu moja baada ya nyingine. Bahari inaingia upande huu, maji matamu yanatoka upande ule.

Bi Kazija mwenyewe aliona ni mzaha mtupu. "Mie mtu wa vitumbua," alikuwa akisema, "sasa mji mzima unapitia kwenye figo langu. Nani atanidai tena unga?" Alipofariki kwa maradhi ya moyo, mashuka yaliendelea. Watu wa Kiuyu Mpya hawakuyaita mashuka wala mtambo. Waliyaita Bi Kazija. Maji yakitoka kwa nguvu, "Leo Bi Kazija mzima." Yakisuasua, "Bi Kazija kachoka."

Hayapendi dawa kali. Plastiki ikiziba unaimwagia asidi na mambo yanaisha, lakini mashuka haya ukiyamwagia asidi yanakufa. Dawa yake ni kuzuia ute usifike, kuyasuuza kwa maji matamu, na kuyasubiri. Ndiyo maana mtambo ule ulihitaji mpimaji. Na ndiyo maana Raya, baada ya Injinia kuondoka, alichukua kapu lake la chupa akaenda kutafuta ute ule unatoka wapi.

Alianzia baharini kwenyewe, mdomoni mwa bomba. Akachota. Akachota kwenye bwawa la kutulizia maji, ambako mchanga huzama. Akachota baada ya chujio la mawe. Akachota kwenye birika la mwisho, lile dogo lililo mlangoni mwa ukumbi, ambamo maji hupumzika kidogo kabla ya kuingia kwa mashuka. Akarudi, akazipanga karatasi zake mezani kwa mpangilio ule ule wa njia ya maji.

Bahari: ubuluu wa mbali. Bwawa: ubuluu wa mbali. Baada ya mawe: karibu nyeupe. Birika la mwisho: kaniki.

"Ala!" alisema Raya. Ute haukutoka baharini. Mtu alikuwa akiutia ndani ya nyumba.

Akaichukua karatasi ile ya mwisho akaiweka chini ya hadubini. Ute wa bahari aliujua kama anavyoujua mwandiko wake: nyuzi nyuzi, umechanganyika na maganda ya vijimea vya majini, yale yanayong'aa kama vigae vya gilasi. Huu haukuwa na maganda. Ulikuwa mzito, wa mapande, na katikati yake mlikuwa na vijisehemu vya kijani vya jani lililopondwa. Jani la nchi kavu. Akachukua chupa yenyewe, akaitikisa. Maji yakatoa povu jeupe, dogo dogo, likakaa.

Akanusa.

Ikambidi aketi. Harufu ile ilikuwa ya Ijumaa asubuhi, ya ua wa nyuma, ya mama yake ameinama juu ya beseni na nywele zake ndefu zimelowa, na baba yake amesimama na kata mkononi anamwagia. Majani ya mkunazi. Watu wa kwao hukoshea vichwa kwayo tangu enzi na enzi. Yaponde, yapige kwenye maji, yanatoa povu na utelezi. Na utelezi ule ni nini kama si ute?

Ufunguo wa kufika kwenye birika la mwisho walikuwa nao watu watatu tu. Mmoja Injinia, mmoja yeye. Wa tatu alipewa kwa haki ya mkataba, kwa kuwa jamaa wa aliyejitolea waliruhusiwa kumzuru. Kulikuwa na mlango mdogo wa pembeni ulioitwa mlango wa jamaa, na ndani yake benchi kando ya birika lile, na mbele ya benchi kioo cha kuonea mashuka. Mzee Shaame aliutumia mlango ule kila siku baada ya sala ya alfajiri.

*

Asubuhi iliyofuata Raya alitangulia. Alisimama nyuma ya matangi ya chumvi, roho mkononi, akiomba Mungu awe amekosea.

Mzee Shaame akaingia na ndoo yenye kifuniko. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito aliyoshonewa na marehemu. Akaweka ndoo chini, akaketi kwenye benchi, akavuta pumzi.

"Sabalkheri, Kazija," alikiambia kioo. "Leo nimechelewa kidogo. Yule mbuzi wako kakata kamba tena, kenda kula kanga ya Bi Mboja. Si yote, pembe tu. Lakini Bi Mboja anavyopiga kelele utadhani kaliwa yeye."

Akacheka peke yake. Akakunja mikono ya kanzu, akafunua ndoo, akatia mkono akaanza kuyapiga maji mpaka povu likapanda.

"Wanasema unaziba," aliendelea. "Kahawani hawana hadithi nyengine. Bi Kazija ana uchafu, Bi Kazija ana ute. Mimi nikanyamaza tu. Hao hawakujui. Toka tuoane, ukiumwa kichwa, ukivimba, ukikasirika, dawa yako nini? Si hii? Jana nilikutilia ndoo moja, naona haikutosha, wamezidi kusema. Leo nimeyaponda mengi. Haya bibie. Inama nikukoshe."

Akainua ndoo kwa mikono miwili, taratibu, akaimwaga yote kwenye birika.

Raya alijiziba mdomo. Alitaka kutoka pale mbio amshike mkono. Hakutoka. Ungeweza wewe? Mzee alikuwa anatabasamu. Tangu siku ya maziko Raya hakuwahi kumwona baba yake akitabasamu vile, na sasa alielewa tabasamu lake lote alikuwa akilileta wapi. Akamwacha amalize habari zake, aage, afunge mlango. Halafu akaenda maabara, akakaa sakafuni, akalia mpaka akapata kwikwi.

Mambo yenyewe yalikuwa mepesi kuyaeleza. Mwanzo wa mwezi bahari ilitoa ute kidogo, wa kawaida, na mashuka yakasuasua. Kahawani wakasema. Mzee akasikia, akaja na kata ya mkunazi. Mashuka yakazidi kuziba. Wakasema zaidi. Akaja na ndoo. Kila alivyozidi kumkosha ndivyo alivyozidi kumkaba, na kila alivyozidi kumkaba ndivyo alivyozidi kumhurumia.

Raya alimweleza Injinia Mbarouk kila kitu. Injinia alikohoa kwa muda mrefu.

"Jina sitalitaja kwa bodi," alisema mwisho. "Nitasema tumegundua uchafu wa ndani, tumeuzuia. Lakini lile birika mzee asilisogelee tena, Bi Raya. Kesho isiingie hata tone. Yakipata utulivu na maji matamu, tunaweza kuwahi kabla mwezi haujaandama."

"Sawa."

"Yeye utamwambia?"

"Nimwambie nini, Injinia? Kwamba anamziba mkewe roho akidhani anamkosha? Yule mtu ana kitu kimoja tu kilichombakia duniani."

 Injinia akamwachia aamue mwenyewe.

*

Raya akamdanganya baba yake. Alikaa naye jioni ile kwenye sahani ya muhogo wa nazi, akajikaza kisabuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, ule mlango wa jamaa wameufunga. Matengenezo."

Mzee Shaame aliacha tonge njiani. "Mpaka lini?"

"Hawajasema."

Akalirudisha tonge sahanini. "Hakuna neno," alisema. "Matengenezo ni matengenezo." Usiku ule hakula tena.

Raya alidhani yameishia hapo, na alijiambia kwamba amefanya wema. Asubuhi, anavaa viatu, akamkuta baba yake kizingitini na ndoo imefunikwa vizuri kwa kitambaa.

"Wewe una ufunguo wako," alisema mzee. "Mkoshee mama yako. Na usimsugue kwa kucha, hapendi."

Jamani, angefanya nini? Aliipokea. Alitembea nayo mpaka mtambo, akazunguka nyuma ya maabara, akaimwaga mchangani, akafukia kwa mguu. Jioni mzee alikuwa amekaa barazani anamsubiri, na hata salamu hakumaliza.

"Kapenda?"

"Kapenda, baba."

Na hivyo ndivyo uongo unavyokuwa: ukiupa siku moja, unakudai ya pili. Kila asubuhi ndoo, kila asubuhi mchanga, kila jioni "Kapenda?" na "Kapenda." Raya alianza kutunga. Leo mashuka yalitikisika kidogo. Leo rangi yao imerudi. Hayo ya rangi yalikuwa kweli, na ukweli ule ndio ulioharibu mambo. Karatasi zilikuwa zinapauka siku hata siku, chumvi ilitoweka kwenye maji ya Mtaa wa Juu, Injinia Mbarouk alikuwa anatembea ukumbini anapiga mluzi. Kahawani wakaanza kusema Bi Kazija anapona.

"Umeona?" Mzee Shaame alimwambia bintiye, amemshika mabega, machozi ya furaha yanamlenga. "Mkono wako mwepesi kuliko wangu! Ni mkunazi ule. Mimi nilijua. Wataalamu na mitambo yao yote, kumbe ni mkunazi!"

Raya alitabasamu. Alijisikia vibaya mpaka kwenye vidole vya miguu.

Sasa mtu mwenye furaha kama ile atainyamazia? Akamwambia Bi Mboja jirani. Bi Mboja, ambaye alikuwa ameshasamehe ile kanga, akawaambia wenzake wa chama cha kufa na kuzikana. Nao wakawaambia waume zao, dada zao, wateja wao wa sokoni. Na asubuhi moja, siku chache kabla mwezi haujaandama, Raya alipofika mtamboni alikuta kina mama wamejaa lango zima. Wote wamebeba mafungu ya majani ya mkunazi, wengine ndoo tayari zina povu.

"Raya mwanangu!" aliita Bi Mboja. "Mwambie bawabu atufungulie. Mama yako katunywesha sisi miaka yote hii, na sisi hatuna adabu ya kumkosha hata siku moja? Leo tumekuja."

"Na wengine wamepita ufukweni," alisema mwengine kwa fahari. "Wanakwenda kumwagia kule kule kwenye bomba."

 Raya akamwambia bawabu asifungue hata akija waziri, akamwomba Injinia atume watu ufukweni na azime pampu. Kisha akashika njia ya nyumbani, anakimbia na buibui lake amelikusanya mkononi.

*

Mzee Shaame alikuwa uani, anapukutisha majani kutoka kwenye tawi. Mkunazi una miiba. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimejaa vidonda vidogo vidogo, na Raya alishangaa kwa nini hakuwahi kuviona.

"Mbona umerudi? Umesahau ndoo?"

Raya akaketi chini, mbele yake, juu ya mkeka. Akachukua tawi kutoka mkononi mwake akaliweka kando.

"Baba, sikumkosha mama."

"Leo?"

"Hata siku moja. Ndoo zako zote nilikuwa nazimwaga mchangani." Akatoa karatasi mbili kwenye mkoba, akaziweka juu ya mkeka, ile ya kaniki na ile iliyopauka. "Hii ni rangi ya ute. Hii nyeusi ni ya siku ulizokuwa ukimkosha mwenyewe. Hii ya pili ni ya jana."

Mzee aliziangalia. Alikiinua kile kikaratasi cheusi akakigeuza, kama mtu anayetafuta kama kuna kosa upande wa pili.

"Nilikuwa namziba?"

"Ulikuwa hujui, baba."

"Nimekuuliza, Raya. Nilikuwa namziba?"

"Ndiyo."

Mbuzi alilia kwenye kamba yake. Mzee Shaame aliviweka viganja vyake juu ya magoti, akavitazama. Raya alisubiri apige kelele, au alie, na alikuwa tayari kwa lolote katika hayo mawili.

"Nilimwambia ainame," alisema mzee. "Kila siku. Inama nikukoshe."  Aliposema tena, sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuuma Raya zaidi. "Na wewe ukaniacha nifurahi."

"Nilikuhurumia."

"Najua ulinihurumia. Lakini miye nilimziba kwa kutojua, mwanangu. Wewe umenifanya mtoto kwa kusudi. Ungenambia siku ile ile, ningelia siku ile, na leo ningekuwa nimeshanyamaza."

"Nisamehe, baba." Na sasa alikuwa analia yeye. "Nisamehe. Nilimwona mama anapona na wewe unacheka, nikataka nivipate vyote viwili."

Mzee alimvutia kwake, akakiweka kichwa cha bintiye begani, kama zamani akianguka.  Kisha Raya akamwambia habari za langoni.

"Wako wangapi?"

"Wote, baba. Nusu ya mji. Wanasema wewe ndiye uliyewaambia."

Mzee Shaame akasimama, akakung'uta majani kwenye kanzu, akatafuta kofia yake.

Langoni kelele zilikuwa zimepanda. Kina mama walikuwa wanamsema bawabu na ukoo wake mzima. Walipomwona Mzee Shaame wakampisha, wakampigia vigelegele, ndiye bwana wa shughuli. Alipanda juu ya jiwe la lango na kuinua mkono.

"Nawashukuruni," alisema. "Mungu awape kheri. Lakini rudini na majani yenu."

"Kwa nini, Shaame?" aliuliza Bi Mboja.

"Kwa sababu ndiyo yaliyomtia ugonjwa." Akashusha mkono. "Ile chumvi mliyoinywa, wale watoto waliokataa uji, ni mimi. Nilikuwa naingia kila siku na ndoo ya mkunazi namkosha, na mkunazi unamziba. Binti yangu kanizuia, ndiyo akapona. Nimewaambieni uongo bila ya kujua, na sasa najua, basi nawaambieni kweli. Msimkoshe mke wangu. Mimi nimemkosha yatosha."

 Bi Mboja alilitazama fungu lake la majani, akamtazama yule mzee juu ya jiwe, na uso wake ukalegea.

"Masikini Shaame," alisema. "Hata mimi ningemkosha." Akageuka kwa wenzake, na sauti yake ikarudi ilivyozoeleka. "Haya, mmesikia! Watu ufukweni waitwe. Na majani haya hayatupwi, kila mtu akakoshe kichwa chake mwenyewe, vyengine humu vinahitaji!" Kicheko kikapita. Wakaanza kutawanyika, na kila aliyepita karibu na jiwe alimgusa mzee mkono.

*

Mashuka hayakukatwa. Bodi walikuja, wakaonja maji, wakaona karatasi za Raya zilizopauka, wakaamua ile plastiki ikae bohari. Injinia Mbarouk alikohoa kabla ya kutoa habari hiyo, kwa mazoea, akamtia Raya kiwewe bure.

Mzee Shaame hakurudi mtamboni. Alirudisha ufunguo wake siku ile ile ya langoni, akauweka mezani kwa Injinia bila ya kuambiwa. Alikaa nyumbani. Alimfunga mbuzi kamba mpya. Raya akimwambia mama anaendelea vizuri, aliitikia, "Alhamdulillahi," na hakuuliza zaidi, na Raya alimwona akikonda.

Mwishowe Raya akamwambia, "Baba, hukukatazwa kumwona. Ulikatazwa kumkosha."

"Mikono hii," alisema mzee, "ina mkunazi wa miaka. Umo kwenye kucha, umo kwenye ngozi. Nikiligusa lile birika kwa kusahau?" Akafikiri. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, "Nipime."

"Nikupime?"

"Si ndiyo kazi yako?"

Wakaenda pamoja. Maabara ilikuwa na jua zuri la asubuhi. Raya alimketisha kwenye kiti chake, akaishika mikono ya baba yake juu ya bakuli, akaimwagia maji matamu na kuisugua taratibu, kidole kwa kidole, chini ya kucha, kwenye makovu ya miiba. Yale maji akayachuja, akadondosha rangi, akasuuza. Karatasi ikatoka na ubuluu wazi.

Mzee alishusha pumzi. "Unaona?"

"Lete tena."

Akamwosha tena. Ubuluu ukafifia. Akamwosha tena na tena, na mzee alikaa ametulia, amemnyooshea mikono kama mtoto mtiifu, macho yake hayabanduki kwenye faneli. Karatasi ya mwisho ilitoka nyeupe. Raya aliipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku, akampa aishike.

"Uko safi, baba."

Hakumwamini mara moja. Aliitazama kwa karibu, halafu kwa mbali. Kisha akasimama, na Raya akaenda kumfungulia mlango wa jamaa.

Mzee Shaame aliingia ameinua mikono mbali na kanzu yake. Nyuma ya kioo mashuka yalikuwa yanapumua na pampu, rangi yao ya waridi imekolea. Akaketi kwenye benchi, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia ili isije ikajisahau.

"Sabalkheri, Kazija," alisema. "Leo sikukuletea kitu."